Nataka kugombea ubunge wa jimbo huku Minnesota, na nyumbani wameshaanza kunichangia

"Mimi ni nesi, mzaliwa wa Nyamira, niko Minnesota miaka mingi sasa na uraia nilipata 2018. Tunakaa kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, na ni mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama, watu huniletea barua za shule, za bima, za korti, nawasaidia kujaza. Sasa kanisani wananisukuma nigombee ubunge wa jimbo. Mume wangu anasema siasa ni ya wenye pesa, tutauza nyumba. Kaka yangu huko nyumbani naye amefungua grupu la WhatsApp la harambee na wajomba wameanza kutuma kwa M-Pesa. Nauliza, huyu mbunge wa jimbo ni kama MCA, yule wa wadi kwenye bunge la kaunti, ama ni kama mbunge wetu wa Nairobi? Mshahara unatosha? Nikianguka mara ya kwanza si ndio basi? Na mtu mwenye lafudhi kama yangu anaweza kufika wapi?"

Dada yangu, kabla ya lolote mwambie kaka yako afunge hiyo harambee leo. Sababu nitaieleza hapo chini, lakini nimeitanguliza kwa sababu mengine yote uliyouliza yanaweza kungoja mwezi, hilo haliwezi kungoja hata wikendi.

Sasa nikisoma barua yako naona kinachokusumbua hasa si pesa wala lafudhi. Ni kwamba unaambiwa uingie kwenye kiti ambacho hujui uzito wake, kwa hiyo huwezi kujua kama ni cha kuvurugia watoto na shifti zako. Na hauko peke yako, wengi wetu tuliohamia huku tunamjua rais, tunajua maseneta wa Washington, tunajua meya tukipigwa faini ya kuegesha gari, lakini huyo wa katikati anayekaa Saint Paul, makao makuu ya jimbo, hatumjui, na yeye ndiye anayetugusa kila siku.

Swali la MCA ama mbunge. Ukiangalia idadi ya watu ni kama MCA. Minnesota ina watu kama milioni 5.7, wamegawanywa kwa viti 134 vya bunge la chini, yaani kila mbunge ana watu elfu 42 na kitu hivi. Kenya kwa sensa ya 2019 tulikuwa milioni 47.6 kwenye wadi 1,450, kwa hiyo MCA anabeba kama elfu 33, na mbunge wa eneo bunge anabeba zaidi ya laki moja na nusu. Basi kwa ukubwa wa eneo uko karibu na MCA, unaweza kweli kutembea mitaa yako yote kwa miguu, na utaitembea, ngoja tutafika huko. Lakini kwa nguvu ya sheria huyu si MCA hata kidogo. Sheria za mauaji na wizi, leseni za unesi wako, shule, barabara kuu, leseni za udereva, kiwango cha kodi ya jimbo, bima ya afya ya wasiojiweza, hayo yanaamuliwa pale kwa sehemu kubwa, ingawa kwenye hiyo bima Washington nayo ina sauti. Bajeti waliyopitisha 2025 ya miaka miwili ilikuwa kama dola bilioni 66. Mwaka 2023 bunge hilohilo lilipitisha chakula cha bure kwa wanafunzi wote wa shule, likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo, na leseni ya udereva kwa watu hata wasio na makaratasi. Hiyo ya leseni najua unajua familia ambazo iliwabadilishia maisha.

Kitu ambacho huyu mbunge HANA, na hapa ndipo watu wetu wanakosea sana, ni hela ya kugawa. Hakuna CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge tunaoujua Kenya. Hakuna basari ya kutoa kwa mtoto wa jirani, hakuna bodigadi, hakuna gari la serikali, na zawadi kutoka kwa wale watu wa kushawishi wabunge zimekatazwa Minnesota tangu 1994. Ukishinda, watu wa kanisani watakuja na mazoea ya nyumbani, mheshimiwa tusaidie karo, mheshimiwa mazishi, na utakachokuwa nacho ni kura moja kati ya 134 na msaidizi wa ofisi mmoja ama nusu. Waambie mapema. Nimeona uhusiano mwingi ukiharibika kwa sababu mtu aliogopa kusema hivyo wakati wa kampeni.

Mshahara. Inategemea jimbo, na tofauti zake zinachekesha. New Hampshire wabunge wanalipwa dola 100 kwa mwaka, ndiyo, mia moja, ni sheria ya zamani sana na hawajaibadilisha. Texas, jimbo kubwa vile, ni 7,200 kwa mwaka pamoja na posho. New York ni 142,000 na hiyo ni kazi kamili. Minnesota iko katikati, tangu 2023 ni kama elfu 51 na ushee kwa mwaka, ukiongeza posho ya siku za vikao. Kwa nesi mwenye shifti za ziada hiyo inaweza kuwa ni kushuka. Kikatiba vikao havizidi siku 120 kwa miaka miwili na lazima vifungwe Mei, ndio maana wanaita bunge la raia, eti unaenda kutunga sheria halafu unarudi kazini kwako. Kwa vitendo ile Aprili na Mei utarudi nyumbani saa saba usiku na watoto hawatakuona, na nje ya vikao simu hazikomi. Kwa hiyo mume wako ana hoja, ila ameikosea mahali. Hatari kwenu si kuuza nyumba, hatari ni miezi mitatu hadi mitano ya kila mwaka ambayo mwajiri wako atataka kujua uko wapi. Ongea na mwajiri kabla ya kuongea na mwandishi yeyote wa habari.

Na hapo kwa mwajiri kuna mtego. Kama unafanya kazi hospitali ya VA, zile za wanajeshi wastaafu, au popote ambapo mlipaji wako ni serikali ya Marekani, sheria inayoitwa Hatch Act inakukataza kugombea kiti chochote cha kichama. Si kwamba ukishinda utaacha kazi, hapana, kule kujiandikisha tu kuwa mgombea ni kosa. Ukiwa hospitali ya kawaida haikuhusu.

Turudi kwa harambee. Sheria ya Marekani inamkataza mtu asiye raia na asiye na kadi ya kijani kuchangia uchaguzi wowote, wa taifa, wa jimbo, hata wa bodi ya shule, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mgongo wa mtu mwingine. Mjomba wa Nyamira akituma shilingi elfu mbili kwa kaka yako, kaka yako akakutumia wewe kama "zawadi", ukaiweka kwenye kampeni, hapo mmevunja sheria nyote na ukubwa wa pesa hausaidii kitu. Hata binamu aliyeko hapa Minnesota kwa visa ya mwanafunzi hawezi kuchangia. Anayeweza ni raia, hata kama anaishi Nairobi au Dubai, na mwenye kadi ya kijani. Wale wengine wanaweza kukusaidia kwa mikono yao, kugonga milango, kupika chai, kupiga simu, mradi wasilipwe na wasiwe wao ndio wanaoamua mambo ya kampeni. Pesa zilizokwisha ingia zirudishwe kwa kila aliyetuma, kaka yako aweke rekodi ya M-Pesa ya kurudisha, na hilo grupu lifungwe. Najua itakuwa aibu kwa wajomba, manake kwetu kumrudishia mtu mchango ni kama kumtukana, mweleze kaka aseme ni sheria ya huku na si kiburi chako.

Na kanisani vilevile. Kapu lisizungushwe ibada ikiisha. Minnesota kampeni haipokei noti zisizo na jina la mtoaji isipokuwa kiasi kidogo kabisa, dola 20 kushuka chini, na shirika lililosajiliwa kama kampuni, kanisa likiwemo, haliwezi kumpa mgombea pesa. Muumini mmoja mmoja anaweza, kwa jina lake, anwani yake, na inaandikwa, na ile michango mikubwa mtu yeyote anaweza kuja kuisoma.

Kuhusu siasa ni ya wenye pesa... kwa seneti ya Washington mume wako yuko sahihi kabisa. Kwa kiti hiki hapana, au tuseme si kwa namna anayofikiria. Ada ya kujiandikisha kugombea ni dola 100. Kikwazo ni chama. Minnesota, Februari ya mwaka wa uchaguzi, vyama vyote viwili vikubwa hufanya mikutano ya mtaa inayoitwa kokasi, kwenye madarasa ya shule, baridi kali, watu kumi na watano au thelathini kwenye chumba, na pale ndipo wajumbe huchaguliwa. Wajumbe wale ndio wanaokwenda kwenye kongamano la eneo lenu na kumpa mtu uidhinisho wa chama, anayefikisha asilimia 60 ya kura zao ndiye anapata, na baada ya hapo chama kinampa orodha za wapiga kura, kinaweka jina lake kwenye karatasi zao, na wengine wote wanategemewa wajiondoe. Unaweza kukataa kujiondoa ukaenda kura za mchujo za Agosti, ni haki yako, lakini hapo sasa ndipo pesa inaanza kutafunwa, na ukishindwa mchujo huwezi kurudi Novemba kivyako. Kwa hiyo kwenye eneo ambalo chama kimoja ndicho kinashinda siku zote, mbunge wenu anachaguliwa hasa na watu mia moja au mia mbili waliojitokeza Februari, na watu wetu hawamo kwenye hicho chumba. Mia tano wanajaa kwenye harusi, kokasi wanakuja wanne. Ukiniuliza mimi ujuzi wako wa chama cha akina mama, kujua nani ana gari, nani ana mtoto wa kuachiwa nani, una thamani kuliko dola elfu hamsini.

Nikianguka ndio basi? Hapa nataka nikae kidogo. Chukua Melissa Hortman, aliyekuwa mbunge wa Brooklyn Park, kitongoji cha hukohuko kaskazini mwa Minneapolis. Aligombea 1998, akaanguka. Akagombea 2002, akaanguka tena. Akashinda 2004. Alikaa miaka kumi na nne kabla hajawa Spika, Januari 2019, na zile sheria za 2023 nilizotaja zilipita yeye akiwa kwenye kiti cha Spika, chama chake kikiwa na wingi wa kiti kimoja tu kule seneti, maana yake mtu mmoja akikasirika kila kitu kinaanguka, na hakikuanguka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kujua nani amekasirika na kwa nini kabla kura haijapigwa. Halafu uchaguzi wa 2024 ukaleta bunge la sare, 67 kwa 67, na ili serikali isifungwe ikabidi wakubaliane na upande wa pili, na sehemu ya makubaliano, iliyopigiwa kura Juni 2025, ilikuwa kuondoa bima ya afya ya jimbo kwa watu wazima wasio na makaratasi. Ni yeye peke yake kwa wabunge wa chama chake kwenye bunge la chini aliyepiga kura ya ndiyo, kwa sababu ndiye aliyetoa neno, na akaongea na waandishi akilia. Unaweza kukubaliana naye au umlaumu, nimesikia watu wetu wakifanya yote mawili. Mimi nakuonyesha tu kwamba siku yako ya namna hiyo itakuja, na watakaoumia watakuwa ni watu unaowajua kwa majina.

Siku chache baadaye, tarehe 14 Juni 2025, Hortman na mume wake waliuawa nyumbani kwao, na seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi usiku huohuo wakapona. Siwezi kukuandikia jibu nikaliruka hilo. Jina lako likiwa kwenye kura anwani yako inakuwa jambo la kufikiria, uliza ofisi ya uchaguzi ni namna gani unaweza kuomba isitangazwe, na ongea na mume wako juu ya hili kabla ya kuongea juu ya pesa.

Wa pili ni Obama, ambaye nyumbani tunamkumbuka kuanzia rais kurudi nyuma, na kipindi chake cha seneti ya jimbo la Illinois tunakipita mbio. Aliingia Januari 1997. Alivyoingia penyewe si pa kuimbia nyimbo, watu wake walizipitia saini za wapinzani kwenye fomu za kuteuliwa mpaka wote wakatolewa kwenye kura, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa ndiye mwenye kiti, akabaki peke yake. Kisheria sawa, lakini ujue hilo hufanyika, na wewe karatasi zako zitapekuliwa hivyohivyo. Halafu miaka sita alikuwa upande wa wachache, miswada mingi ikifia kwenye kamati, huku akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago kutafuta riziki. Mwaka 2000 akataka kuruka kwenda Congress, bunge la taifa kule Washington, akapigwa na Bobby Rush kwa kura mbili kwa moja. Kilichombadilishia ni uchaguzi wa 2002, chama chake kikashika wingi, Emil Jones akawa rais wa seneti ya jimbo, na Jones akaanza kumpa miswada mizito aisimamie, kama ule wa 2003 wa kulazimisha polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Ile hotuba ya Boston ya Julai 2004, kwenye kongamano la chama chake, iliyomfanya ajulikane nchi nzima, aliitoa akiwa bado seneta wa jimbo. Yaani ule mlango haukufunguliwa na kipaji peke yake, ulifunguliwa na mzee wa chama na wingi wa viti, na mgeni kwenye siasa akijua hilo mapema hasumbuki kujiona hafai pale miswada yake ya mwaka wa kwanza inapokufa.

Na lafudhi yako. Ilhan Omar alipita kambi ya Utange pale Mombasa akiwa mtoto, na 2016 kwenye mchujo akamwondoa Phyllis Kahn aliyekuwa amekaa bungeni miaka 44, akatumikia muhula mmoja, 2018 akachaguliwa Congress. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley akawa mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuchaguliwa bunge la Minnesota, na jina hilo la katikati unalijua ni la huko kwenu. Kwa hiyo hilo limejibiwa tayari, si na mimi. Raia wa kujiandikisha anaweza kuwa mbunge wa jimbo, gavana, baada ya miaka 7 ya uraia anaweza kuingia bunge la chini la Congress na baada ya 9 seneti ya Washington, rais na makamu wake tu ndio hapana. Uraia wako wa Kenya haukuzuii huku, ni Kenya ndiyo itakayokukatalia wadhifa wa serikali ukiwa na pasi mbili.

Sifa za Minnesota ni fupi: miaka 21, uwe mpiga kura halali, mwaka mmoja ndani ya jimbo, na miezi 6 ndani ya eneo lako kabla ya siku ya uchaguzi. Hiyo miezi 6 usiichezee. Mwaka 2024 Curtis Johnson alishinda kiti kwa pengo kubwa, wapinzani wakaenda kortini wakasema ile nyumba ya kupanga haikuwa makazi yake, jaji akakubali Desemba, kiti kikapotea kabla hajaapishwa, na sare ile ya 67 ikavunjika, bunge likakaa wiki kadhaa likigombana. Kama mna mpango wa kuhamia nyumba kubwa zaidi ng'ambo ya mpaka wa eneo, ama mhame sasa au msihame.

Kwa maoni yangu, kama uchaguzi unaofuata uko chini ya mwaka na hujawahi kuingia kokasi hata moja, usigombee huu. Nenda Februari, uwe mjumbe, mfanyie kazi mgombea mwingine unayemwamini, omba nafasi kwenye kamisheni ya mji wenu au bodi ya shule ujizoeshe kukaa vikao virefu vya kuchosha. Lakini kama mwenye kiti ametangaza kustaafu basi hesabu inabadilika, kiti kilicho wazi hakitokei mara nyingi, hapo ningekuambia jaribu hata kama uko nusu tayari.

Mambo mawili usiyaamue kwa maandishi ya mtu kama mimi, nenda ukakae na mtu ana kwa ana. La kwanza, kama uliwahi kupiga kura, au hata kujiandikisha kupiga kura kwa makosa pale ofisi ya leseni za gari kabla ya 2018, au kuna neno kwenye fomu zako za uraia ambalo halikai sawa, muone wakili wa uhamiaji kabla hujatia saini fomu ya kugombea, manake wapinzani watachimba na hilo ni zaidi ya kupoteza kiti. La pili ni hizo pesa za wajomba kama yoyote imeshaguswa. Kwa maswali ya michango kwa jumla ile bodi ya jimbo ya fedha za kampeni iko Saint Paul, wafanyakazi wake hujibu simu na hawatozi, na ni afadhali wakusikie kwako kwanza.